Mti Uliovuliwa Gome

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Septemba. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu mwembamba, na upepo wa baridi ulipita chini chini ukigusa vifundo vya miguu. Dalili ya mvua haikuwepo. Mama yake Chiriku alitoka mlangoni, akatazama juu, akasema ukungu ule ungeondoka kabla chai haijapoa. Na kweli, waliposhika kamba zao kwenda kuokota kuni, jua lilikuwa limeshatoka.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuni. Msitu ulianzia pale mashamba yalipoishia, na watu waliruhusiwa kuingia mara mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi. Siku hizo mlinzi aliondoa gogo lililolazwa njiani kama mlango, akakagua mikono na vikapu vya kila mtu. Watu walimwita Bwana Kipenga, kwa sababu hakuweza kusema hata "habari za asubuhi" bila kwanza kupuliza kipenga. Panga lilikatazwa. Shoka lilikatazwa. Mtu aliokota kuni kavu zilizoanguka zenyewe, uyoga, majani ya dawa na matunda ya mwitu, lakini mti mbichi haukuguswa. Aliyeua mti mbichi, familia yake ilipoteza sehemu yake ya msitu ya kutundikia mizinga ya nyuki. Sheria hiyo ilitungwa na kamati ya msitu zamani, na hata watoto wa darasa la kwanza waliijua.

Chiriku alikuwa darasa la sita. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Baba alikuwa na mzaha wake: mtoto huyu akikaa kimya, mpimeni homa. Baba alikuwa mrina asali. Lakini miaka miwili iliyopita kiangazi kilirefuka, nyuki wakahama, na mizinga ikabaki mitupu kama ngoma. Baba akaenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, safari ya siku mbili kwa basi. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

Koti lake la kurinia asali lilibaki nyuma ya mlango. Chiriku alikuwa na tabia ya kuingiza pua yake katika mkono wa koti lile na kunusa moshi na nta. Siku za karibuni ilimbidi avute pumzi kwa nguvu, maana harufu ilikuwa inakwisha. Kila jioni, kabla ya kula, mama na mtoto walishikana mikono, na Chiriku ndiye aliyeomba. Ombi lake lilikuwa na maneno mawili tu ambayo hayakubadilika: "Mrudishe baba."

Jumapili iliyotangulia, baba alisema jambo lililomnyima Chiriku usingizi. Alisema msimu wa maua umekaribia. Kama nyuki wangeingia hata katika mizinga miwili, yeye angeaga machimboni, arudi, arine mwenyewe na asiondoke tena. Chiriku alirudia maneno hayo kichwani kama mtu anayehesabu hatua. Mizinga miwili. Tatizo ni kwamba mzinga mzima ulikuwa mmoja. Mingine yote ilikuwa imeliwa na mchwa. Mama alikwisha kumwomba seremala awachongee mpya, naye akajibu kwamba mbao zake bado mbichi na wangoje hadi msimu upite.

Chiriku hakuweza kungoja. Alikumbuka hadithi za babu, aliyetengeneza mizinga ya gome. Babu alikata duara juu, akakata duara chini, akachana katikati, kisha akalivua gome la mti zima zima kama mtu anavyovua shati. Akalishona, akaziba ncha zake, basi, mzinga tayari. Kamati ilikuwa imepiga marufuku mizinga ya namna hiyo kabla Chiriku hajazaliwa. Yeye alijua. Lakini alijiambia kwamba hakati mti. Anachukua gome tu, na mti utabaki umesimama pale pale.

Asubuhi hiyo alificha kisu kidogo cha jikoni ndani ya ngata, ile pedi ya kitambaa anayoiweka kichwani chini ya mzigo. Bwana Kipenga alipuliza, akamtazama mikono, akampitisha.

Msituni wanawake walitawanyika huku wakiitana. Mmoja aliimba mstari, mwingine akajibu kutoka vichakani. Mama Vyungu, mjane anayefinyanga vyungu na kuvichoma kwa kuni za msitu, alikuwa anasimulia jinsi jogoo wake alivyopigana na kivuli chake mwenyewe, na kicheko kilisikika hadi mbali. Chiriku aliteleza pembeni, akapita mwamba mkubwa, akafika kwenye mti mnyoofu wenye gome laini. Alikata duara moja usawa wa kifua na jingine usawa wa goti. Akachana katikati, akaingiza kijiti na kusukuma taratibu. Gome lilitoka zima. Mti ulibaki mweupe katikati, umelowa, na ukiutazama ulikuwa kama mtu aliyekutwa anaoga. Chiriku aligeuza uso. Alilificha gome chini ya majani makavu, akaokota vijiti vichache, akarudi. Mama alipoona mzigo wake alimwuliza kama leo ameokota kuni au vijiti vya kuchokolea meno. Wenzake wakacheka. Chiriku naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa.

Jumanne, Bwana Kipenga aliuona mti.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa yule yule seremala, mtu mpole mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikwenda msituni na wajumbe wake, akapitisha kidole kwenye ukingo wa jeraha. Aliporudi, alisema mbele ya watu wote waliokuwa wanasubiri na kamba zao kwamba mti ule unakufa, na kwamba msitu unafungwa mpaka aliyeuvua gome ajulikane. Gogo likarudishwa njiani. Watu waliondoka, kamba zikining'inia mabegani.

Siku za kwanza watoto walifurahi, maana hakuna aliyetumwa kuni. Furaha hiyo haikumaliza wiki. Shuleni uji wa saa nne ulikoma, kwa kuwa jiko la shule lilikuwa halina kuni, na wanafunzi wakaanza kusinzia kipindi cha hesabu. Nyumbani mama alipika kwa magunzi ya mahindi, mara moja tu kwa siku, macho yakimchuruzika kwa moshi. Bibi wa jirani alikohoa hadi alfajiri, kwa sababu majani yake ya kifua yalikuwa upande wa pili wa gogo. Karakana ya seremala nayo ilinyamaza. Kamati humpa magogo yaliyoangushwa na upepo, na sasa hayo pia yalikuwa ndani. Binti yake, aliyekaa dawati moja na Chiriku, alisema baba yake amejifungia mlango mwenyewe na sasa anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kilichomshangaza Chiriku zaidi ni mama. Alidhani angefurahi kupumzisha kichwa chake. Badala yake mama alikaa mlangoni Jumamosi asubuhi na kamba mkononi, asijue aende wapi. Alisema hakujua kwamba angekumbuka hata kelele. Msituni ndiko alikopata habari za watu. Huko ndiko waliogombana walipatana, maana huwezi kumnunia mtu anayekusaidia kujitwika mzigo.

Wiki ya pili minong'ono ilianza. Nani anahitaji kuni kuliko wote? Nani angevua mti gome ili ukauke, kisha auokote kama kuni kavu? Jina halikutajwa kwa sauti. Wiki ya tatu kamati iliitisha kikao, na siku moja kabla yake, kisimani, wanawake walisogeza ndoo zao Mama Vyungu alipofika. Chiriku alikuwepo. Njiani alikuwa ameona vyungu vibichi vya mjane huyo vimepangwa barazani kwake mistari minne, vikingoja moto ambao haukuwepo. Mvua moja tu ingevirudisha kuwa matope.

Mama Vyungu alimwona Chiriku, akamkaribia na ndoo yake.

"Chiriku, siku hizi huimbi. Umemeza kokoto?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Basi msalimie mama yako. Leo watu wote kisimani hapa wamesahau jina langu. Tangu asubuhi, yeye peke yake ndiye aliyenikumbuka."

Alisema hivyo akitabasamu, kisha akainama kuchota maji.

Jioni hiyo, walipokaa mezani na kushikana mikono, Chiriku alifungua mdomo aombe kama kawaida. Neno halikutoka. Alijaribu tena. Alihisi kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoiibia. Aliyajua yote mawili kwa wakati mmoja: akinyamaza, Mama Vyungu atahukumiwa kesho, akisema, sehemu yao ya mizinga itachukuliwa, na baba hatakuwa na kitu cha kumrudisha. Na ile sehemu haikubaki mikononi mwao miaka miwili bila jasho. Mama alikwenda kila kiangazi kuifyeka pembeni ili moto usiingie, mikono ikatoka malengelenge, ilimradi kamati isiseme mwenyewe ameitupa.

"Mama," alisema, "mtu akificha jambo ili baba wa mtu arudi, ni dhambi?"

Mama alimwachia mkono mmoja. "Baba wa nani?"

Chiriku akasema yote: kisu, ngata, mti, gome. Alipomaliza, chakula kilikuwa kimepoa. Mama hakumgombeza. Alitazama malengelenge yaliyokauka kwenye viganja vyake, akavifumba.

"Baba yako..." alianza. Ilionekana kuna sentensi nzima aliyokuwa nayo mdomoni, na Chiriku aliiogopa, maana alijua ni ya kumwambia anyamaze. Mama aliinamisha kichwa. Midomo yake ilicheza bila sauti, kwa muda mrefu, kama ilivyocheza wakati wa kuomba. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa lakini sauti ilikuwa imara.

"Nimemwomba Mungu miaka miwili amrudishe baba yako. Siwezi kumwomba huku nimesimama juu ya mgongo wa mjane. Kesho kwenye kikao utasema mwenyewe. Mimi nitakaa karibu nawe, lakini sitakusemea."

Kikao kilifanyika katika darasa la Chiriku, kwa sababu ndilo lililokuwa na madawati mengi. Watu wazima walijibana humo, magoti yakigusa videvu, na Bwana Kipenga alijaribu kuketi dawati la mbele akanasa, ikabidi avutwe na watu wawili. Hata hilo halikuwachekesha watu kwa muda mrefu. Seremala alieleza kwamba kamati imepokea maneno juu ya mtu fulani. Mama Vyungu akasimama bila kuitwa. Akasema ameokota kuni katika msitu ule tangu akiwa msichana na hajawahi kugusa kilicho kibichi, na kama hawamwamini, hana shahidi mwingine isipokuwa Mungu.

Chiriku alisimama.

"Shahidi ni mimi," alisema. "Si yeye. Ni mimi niliyeuvua."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni utoto. Seremala hakucheka. Alimwuliza alitumia nini, naye akataja kisu cha jikoni. Akamwuliza gome liko wapi, naye akasema liko chini ya majani nyuma ya mwamba. Akamwuliza alilitakia nini.

"Nilitaka kutengeneza mzinga. Ili nyuki waingie. Ili baba arudi."

Seremala alitoa penseli sikioni, akaigeuza geuza, akairudisha.

"Unajua ule ni mti gani?" aliuliza kwa upole. "Ule ndio unaotangulia kutoa maua kuliko yote upande ule. Nyuki wakirudi kutoka walikohamia, hula pale kwanza. Umemwandalia mgeni kitanda, mwanangu, halafu ukamwaga chakula chake."

Chiriku alikuwa hajawahi kufikiri kwamba nyuki nao wana meza yao.

Seremala akasema sheria haina jicho la kuchagua. Sehemu ya mizinga ya familia ile inachukuliwa. Mama yake Chiriku aliinamisha shingo. Hakubisha. Ndipo Mama Vyungu, aliyekuwa bado amesimama, akaomba kusema. Alisema yeye ndiye aliyeumizwa, kwa hiyo ana haki ya kuomba kitu. Alitaka sehemu ile isipewe mtu mwingine. Ipumzishwe tu, msimu huu mmoja wa maua, kisha irudishwe, kwa kuwa mtoto amekuja mwenyewe wala hakukamatwa. Wajumbe walinong'onezana kidogo, wakakubali. Bwana Kipenga akapuliza kipenga, bila sababu yoyote, na safari hii watu walicheka. Wanawake wawili wa kisimani walimfuata Mama Vyungu mlangoni wakamshika mikono. Waliomba msamaha kwa maneno machache, na mmoja akaahidi kumbebea kuni za tanuri lake mpaka vyungu vyote viive.

Jumapili simu ilipolia, mama alimpa Chiriku.

Alimweleza baba kila kitu bila kupunguza.

"Ni ule nyuma ya mwamba?" baba aliuliza alipomaliza. "Wenye gome laini?"

"Ndiyo, baba."

"Babu yako alikuwa anapumzika pale." Chiriku alimsikia akipumua, na pumzi ile ilikuwa karibu sana, kana kwamba angeweza kunyoosha mkono na kumgusa. "Basi nitachelewa kurudi, Chiriku wangu. Msimu mwingine tena. Lakini siku nitakayorudi, nitapita mbele ya Mama Vyungu nikiwa nimeinua uso. Hilo umenitunzia."

Akakohoa, au alijifanya kukohoa, akaomba aongee na mama. Chiriku alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti, akalia. Alilia kwa kumtaka baba yake, si kwa kitu kingine. Kisha akaomba, na safari hii maneno yalitoka yenyewe.

Jumanne gogo liliondolewa. Kabla ya kuruhusu watu kutawanyika, seremala aliwaongoza wote hadi nyuma ya mwamba: wanawake na kamba zao, wajumbe wa kamati, na wanafunzi wa darasa la sita na mwalimu wao. Majani ya juu ya mti yalikuwa yameanza kujikunja. Seremala na Bwana Kipenga walishika msumeno, huku na huku, wakaukata mti chini ya jeraha. Ulipoanguka, ndege waliruka, kisha pakatulia.

Seremala alijifuta jasho. Alisema kuanzia pale kisu kilipopita kwenda juu mti ulikuwa umekufa, lakini mizizi ilikuwa hai bado, na aina ile ya mti huchipua kutoka kwenye kisiki kama mbuzi hawatakula machipukizi na moto hautapita. Akawageukia watoto.

"Wiki tatu hizi mmejifunza jambo ambalo mimi nisingeweza kulifundisha ubaoni," alisema. "Mmeona uji wenu ulitoka wapi. Mmeona dawa ya bibi, mbao za dawati mnalokalia, vyungu, asali, hata wimbo wa mama zenu. Vyote vilikuwa nyuma ya gogo moja. Msitu hulisha hata mtu asiyeingia ndani yake. Ndiyo maana anayechukua kwa siri, hata kwa sababu nzuri, anachukua kwenye sahani ya watu wote. Mwenzenu alikosea, na alisema kweli ilipokuwa inamgharimu. Ukweli umefungua mlango huu. Lakini ukweli peke yake haurudishi gome. Kurudisha ni kazi, na kazi hiyo ina mwenyewe."

Akamwita Chiriku asimame karibu na kisiki. Akasema kamati haitaki karatasi wala sahihi. Inataka kusikia sauti yake.

Chiriku aliwatazama. Mama alikuwa mbele, Mama Vyungu kando yake, na binti wa seremala alikuwa anamwonyesha kwa ishara ya mkono anyooshe mgongo. Akaunyoosha.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema, "naahidi kukilinda kisiki hiki. Leo nitakizungushia miiba. Kila Jumanne na Jumamosi nitakiletea maji mpaka mvua inyeshe. Machipukizi yakitoka nitayahesabu na nitawaambia idadi ya kweli, hata kama mengine yamekufa. Na baba akirudi, msimu wowote atakaorudi, nitamleta hapa mimi mwenyewe, nimwonyeshe nilichokifanya."